Mama Mnene wa Ukutani

"Mchore mama mnene," alisema Bwana Josephu, afisa utamaduni, huku akichovya andazi katika chai. "Mnene, lakini mchapakazi. Mbele yake pana sahani imejaa. Mtu akipita pale zahanati amwone, apate moyo."

"Sawa, Bwana Josephu."

"Na asionekane amechoka. Wakati huu si wa kuonyesha watu kuchoka, dada."

Rozalia aliitikia, akachukua madebe yake ya rangi na brashi zake, akatoka. Hakukasirika. Amri ya kuchora mama anayekula ilimwangukia kama zawadi, maana kwa miaka miwili tangu atoke chuoni hakuwa akichora kitu kingine. Chumba chake cha Rahaleo, mjini Mtwara, kilijaa wanawake wanaokula. Kulikuwa na bibi aliyechuchumaa nyuma ya mlango wa jiko na bakuli mapajani, na msichana anayelamba mwiko huku akitazama dirishani. Kulikuwa na mama anayekwangua ukoko baada ya watu wote kushiba. Wote walikula kwa kujificha. Wote walikuwa na macho ya mtu aliyekamatwa.

Macho yale Rozalia aliyajua. Alizaliwa na mwili mkubwa, na katika shule ya bweni wasichana wenzake walimwita Gunia. "Gunia, umeacha kitu jikoni?" Tangu hapo alizoea kurudisha sahani nusu mbele za watu, kisha akala mkate chumbani, mlango umefungwa, akitafuna polepole ili asisikike. Sasa alikuwa mtu mzima na bado hakuweza kula mbele ya mtu. Lakini aliamini, kwa imani waliyokuwa nayo vijana wa miaka ile, kwamba kitu kikichorwa kwa ukweli kinaweza kubadilika. Siku atakapompata mwanamke mmoja anayekula peupe, bila haya, akamchora akaenea ukutani, basi na yeye atafunguka. Ndivyo alivyojiambia lori la ushirika lilipokuwa likimpeleka Namitope.

Namitope kilikuwa kijiji kipya, upande wa Msimbati, mahali ambapo maji ya Ruvuma huingia baharini yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Watu walikuwa wamehamishiwa pale mwaka uliotangulia. Nyumba zilipangwa kwa mstari, shule ilisimama, na zahanati ilikuwa imekwisha kuezekwa, ikingoja dawa na mganga. Ila mihogo ilibaki kwenye mashamba ya zamani, mwendo wa nusu siku, na nguruwe walikuwa wakiila kwa raha zao. Mvua nayo ilikatika mapema. Watu waliingia porini kuchimba ming'oko, viazi vya mwituni, na ming'oko ilipokuwa haba wakangoja lori la unga wa mahindi ya njano, ule walioupa jina la yanga. Lori lilikuja lilipokuja.

Kisimani wanawake walimtazama Rozalia kutoka kichwani hadi miguuni.

"Haa! Kumbe bado wapo watu wenye miili!" alisema mmoja.

"Serikali inakulisha nini, binti? Tuambie na sisi tukaombe kazi."

"Mwacheni. Huyu akipanda mtumbwi, upande wa pili wapande wanne."

Walicheka, na Rozalia akahisi lile jina la zamani likimpanda shingoni. Kisha akaona kwamba hawakuwa wakimcheka. Walikuwa wakimsifu. Mmoja alimshika mkono juu ya kiwiko, akauminya taratibu kama mtu anayeangalia kama papai limeiva, akaguna kwa kutamani. Hilo lilimwumiza kuliko kejeli.

Kumpata wa kumchora kulikuwa kazi. Kila aliyeambiwa achorwe akila aliziba mdomo kwa kanga.

"Nikila? Aka! Mume wangu mwenyewe hajayaona meno yangu yakitafuna."

"Na ukutani! Mwalimu Mohamedi wa madrasa atapita wapi?"

"Atapita njia hiyohiyo, akitazama miguu yake. Imezoea kutazamwa."

Wakiwa katika kicheko hicho, mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa kando, ndoo yake haijajaa, alisema, "Nichore mimi."

Aliitwa Mwanakombo, ingawa wengi walimwita Mama Zuhura, kwa jina la bintiye wa pekee. Mumewe, Issa, alivuka Ruvuma kuuza samaki wakavu wakati wa vita vya Msumbiji, akawa ndiye yule aliyekwenda; hakurudi wala habari yake haikuja. Mwanakombo hakuwa mjane wala mke. Alikuwa mrefu, uso umechongoka, na kicheko chake kilitoka puani.

"Binti yangu yuko ndani," alimweleza Rozalia walipokuwa wakitembea kwenda zahanati. "Amewekwa mwali kwa somo wake, Bi Mwanahawa. Mimi mama yake siruhusiwi kumwona mpaka atoke. Na atatoka siku hiyohiyo mtakayofungua zahanati, mwenyekiti ameshasema, ngoma iwe moja. Nataka akitoka anikute pale juu. Nimekaa, sahani imejaa. Watu wanaosema kwa Mwanakombo moto hauwaki, waje waone."

"Wanasema hivyo?"

"Kinywa cha mtu kina mlango?" Akacheka. "Na yeye nataka atoke amenona, anang'aa. Unajua desturi yetu, mwanangu? Mwali akitoka amekonda, watu hawasemi kuna njaa. Wanasema hana mama."

"Hata mwaka kama huu?"

"Mwaka kama huu ndio wanaotazama zaidi."

Siku ya kwanza Rozalia alimkalisha kwenye mkeka mbele ya ukuta mweupe, akamwekea sahani ya ugali wa yanga na dagaa aliotoka nao mjini. Alimwomba ale kidogo, apate kuona taya linavyokwenda. Mwanakombo alinyoosha mkono wa kulia, vidole vikagusa ugali, vikakaa pale.

"Nikila utachoraje? Mdomo utatembea. Chora mkono unaokwenda kula. Kula nitakula nyumbani, kwa nafasi."

Kazi ilipokwisha, alifunika sahani kwa kawa, akaibeba kwa mikono miwili, akaenda zake. Rozalia hakumkatalia. Moyo wake ulimwendea mbio kwa huruma na furaha pamoja. Huyu ni mwenzangu, alijisemea; na yeye hawezi kula mbele ya mtu, na yeye ana mlango wake wa kufunga. Alimwelewa mno, na hapo ndipo alipopotea.

Tangu siku hiyo kila juma Rozalia alipanda lori na kikapu. Mayai ya majirani wa Rahaleo, unga, korosho zilizokaangwa, mara moja kopo la maziwa ambalo alilipangia foleni tangu alfajiri. Kila juma alipofika, Mwanakombo alikuwa ameongezeka. Juma la pili mabega yalijaa. Juma la tatu kiuno kilipanuka. Alikaa mkekani kwa uzito, akijifunga vizuri, kanga imefika kidevuni.

"Mama Zuhura, unanenepa!" Rozalia alisema, akashindwa kuficha furaha yake.

"Si chakula chako?"

"Basi itabidi niusogeze mstari."

"Usogeze, mwanangu. Usinibane."

Akausogeza. Alikwangua rangi ya mwanzo, akampa yule mama wa ukutani mabega mapana zaidi. Juma lililofuata akamwongeza nyonga. Alichora akiimba. Alihisi kwamba brashi yake na kikapu chake vinafanya kazi moja, kwamba analisha kwa mikono yote miwili. Usiku akiwa Rahaleo aliwatazama wanawake wake waliojificha, akawaambia kimoyomoyo: ngojeni kidogo, yuko mmoja anatoka.

Si kwamba macho hayakuona. Yaliona. Walikaa juani, na Mwanakombo alitetemeka. "Baridi ya baharini," alisema. Wanawake wenzake walipopita walimtazama yeye, kisha wakaitazama kanga yake ya juu, kisha wakatazama chini. Na mkono ule. Mkono wa kulia ulitoka nje ya zile nguo kuielekea sahani, na kila juma Rozalia aliuchora kama ulivyokuwa: vifundo vikubwa, ngozi imelegea juu ya mifupa, bangili ya shaba ikiteleza karibu na kiwiko. Mikono ya wakulima iko hivyo, alijiambia. Mikono hainenepi upesi.

Bwana Josephu alikuja kukagua, akazunguka mbele ya ukuta, mikono nyuma.

"Safi! Huyu ndiye mama. Ila mkono... mkono huu wa nani?"

"Wake."

"Unenepeshe. Haufanani na mwenyewe."

"Nitaumalizia mwisho," alisema Rozalia.

Siku ya mwisho ya kuchora ilikuwa na jua kali lisilo na upepo. Mwanakombo alifika amechelewa, mnene kuliko siku zote, akitembea kama mtu anayevuka maji. Alikaa mkekani polepole. Rozalia alimalizia macho, akarudi nyuma, akaona yamekubali: mama wa ukutani alitazama mbele, hakujificha.

"Tumemaliza, Mama Zuhura. Njoo ujione."

Mwanakombo aliinua sahani, akainuka, akasimama akijitazama kwa muda mrefu.

"Ndiye," alisema. "Ndiye mimi."

Kisha magoti yakakatika. Rozalia alitupa brashi akamdaka, akijitayarisha kwa uzito, na uzito haukuja. Mikononi mwake alikuwa ameshika mzigo wa nguo. Fundo la kanga lilifunguka, chini yake pakawa na kanga nyingine, na chini ya hiyo nyingine, na nyingine tena, na katikati ya kitambaa chote hicho, ndani kabisa, palikuwa na mwanamke mkondefu, mbavu zinahesabika, anayepumua kwa shida.

Rozalia alipiga kelele. Wanawake walitoka majumbani wakikimbia. Mlango wa zahanati ulikuwa umefungwa kwa kufuli, dawa hazijaletwa, kwa hiyo walimlaza barazani, chini ya ukuta. Mmoja akampa maji kwa kijiko, yakatoka pembeni. Na pale wakimpepea, Rozalia aliwaona wakizipokea zile kanga moja moja, kila mmoja akiitambua yake.

"Hii yangu."

"Hii ya mwanangu, mume wake alimletea kutoka Mtwara."

"Mlijua?" Rozalia aliuliza. "Nyote mlijua?"

Yule aliyemminya mkono siku ya kwanza kisimani alisema, bila hasira, "Alikuja kuazima. Chakula hatukuwa nacho, binti. Tulimwazima tulichokuwa nacho."

Mwanakombo alikata roho kabla ya alasiri. Mwalimu Mohamedi alikuja, akakaa karibu naye na kumsomea, na safari hii hakuitazama miguu yake. Alizikwa jioni ileile.

Baada ya mazishi Rozalia alikwenda kwa Bi Mwanahawa, mwanamke mzee kidogo kuliko marehemu, mwenye sauti ya chini ya mtu aliyezoea kulinda siri za wasichana. Alimkuta nje ya nyumba, mgongo umeegemea mlango, kama aliyeweka ulinzi. Ndani, nyuma ya ule mlango, alikuwemo Zuhura.

"Sahani zangu," alisema Rozalia. "Zilikuja hapa?"

"Zilikuja hapa. Zote. Aliziweka kizingitini, akabisha, akaondoka. Mama haonani na mwali."

"Na wewe ukazipokea."

"Nikazipokea. Siku moja nilimfuata njiani nikamwambia, mwenzangu, kula hata nusu. Akaniambia, nikila nusu, mwanangu atatoka nusu." Bi Mwanahawa alifuta uso kwa kiganja. "Ungemjibu nini?"

"Zuhura ameambiwa?"

"Mwali hapewi msiba akiwa ndani. Atajua asubuhi ya kutoka. Nitamwambia mimi. Mungu anipe ulimi."

Juma lililofuata, mkesha wa kufunguliwa zahanati, Rozalia hakuimba. Alifika Namitope na debe la chokaa na moyo uliokwisha kuamua. Ataufuta ule unene wote. Atamchora Mwanakombo kama alivyomwona alipofunguka mikononi mwake, mbavu na yote, na wakubwa watakaokuja kufungua zahanati watazame. Si alijiahidi ukweli? Alikuwa ameshakoroga chokaa, brashi imelowa, aliposikia sauti ya chini nyuma yake.

"Unafanya nini?"

"Nauondoa uongo, Bi Mwanahawa. Mtu alikufa kwa njaa chini ya picha niliyomchora ameshiba."

"Ni kweli. Alikufa."

"Basi waone!"

"Waone nini? Waone mbavu zake? Mumewe mwenyewe hakuziona zikiwa vile. Sisi tuliomwosha tulifunga macho." Bi Mwanahawa alikuja akasimama kati yake na ukuta. "Hasira yako naijua, ni ya haki. Nenda kaandike, nenda kaseme huko mjini kwa sauti, sisi hatutakukana. Lakini hapa mwanawe atakuja kesho kumtafuta mama yake. Huyu alijivika mwenyewe, binti. Wewe nani umvue?"

Brashi ilidondosha chokaa kwenye mguu wa Rozalia. Alisimama hivyo mpaka mkono ukamwuma. Kisha akairudisha ndani ya debe.

Ulibaki ule mkono wa ukutani. Asubuhi Bwana Josephu aliteremka kwenye gari na wageni wake, akamvuta pembeni. "Bado hujaunenepesha!"

"Sikuuchora vibaya," alisema Rozalia. "Huo ndio kitu pekee nilichokichora vizuri."

Bwana Josephu alitaka kumjibu, lakini ngoma zilikuwa zimeanza.

Zuhura alitoka nyumbani kwa somo wake akiwa amefunikwa, akaongozwa katikati ya wanawake, kisha nguo ikaondolewa. Alikuwa ameiva. Mashavu yalijaa, mabega yaling'aa mafuta, shingo ilikuwa na mikunjo ya watoto wachanga. Macho tu ndiyo yaliyovimba, alikuwa ameambiwa. Vigelegele vilipanda vikakatika njiani. Mama mmoja mgeni, aliyekuja na watu wa Msimbati na hakujua lolote, alipaza sauti kwa nia njema: "Mashallah! Huyu kalelewa! Huyu ana mama!"

Ngoma ikanyamaza. Mwanamke yule alitazama huku na huku, asijue amekosa nini.

Zuhura alikwenda moja kwa moja mpaka ukutani. Alikuwa na miaka kumi na mitano hivi, na hatua zake zilikuwa nzito, za mtu asiyeuzoea bado mwili aliopewa. Alimtazama yule mama mnene usoni, kwenye mabega, kwenye nyonga, kama anayetazama mgeni. Kisha akafika kwenye mkono. Akanyanyua mkono wake mwenyewe, mnene, laini, wenye vishimo juu ya vidole, akauweka juu ya ule wa rangi. Bangili ileile ya shaba ilikuwa kwake sasa, ilimbana.

"Nani aliyechora?"

"Mimi," alisema Rozalia.

"Mwili huu si wake. Mama hakuwa hivi hata tulipokuwa na mavuno." Hakutoa mkono. "Mkono ndio wake. Uliuona ukiwa hivi?"

"Niliuona."

"Mbona hukusema kitu?"

Rozalia alikuwa na maneno mengi chuoni, na mengine katika lori, na mengine usiku mbele ya wanawake wake wa Rahaleo. "Nilidhani anakula kwa kujificha," alisema mwisho. "Kama mimi."

Msichana aligeuka, akamtazama mwili wote, wazi, kama watoto wanavyotazama. Wanawake wote pale walikuwa wamekauka kama kuni. Wao wawili tu ndio waliojaa. Zuhura alionekana akiliona hilo, na akiona kwamba Rozalia analiona.

Ilikuwa desturi mwali akitoka alishwe tonge la kwanza na mama yake, mbele ya watu. Bi Mwanahawa alileta sahani ya ugali wa yanga na kipande cha samaki, akasimama nayo, asijue ampe nani. Zuhura akaipokea yeye. Alikaa mkekani, mahali palepale mama yake alipokuwa akikaa, akamega tonge. Kisha akamnyooshea Rozalia.

"Kula, dada."

"Ni lako, Zuhura."

"Mimi nimekula sana," alisema msichana. "Kula. Nataka nione mtu anakula."

Watu wote walikuwa wakitazama: mwenyekiti, wageni wa mjini, Mwalimu Mohamedi, wanawake wenye kanga zao zilizorudi. Hapakuwa na mlango wa kufunga. Rozalia alipiga magoti mkekani, akafungua kinywa, akalipokea lile tonge kutoka katika vile vidole laini. Lilikuwa kavu, na unga ulikuwa na ladha ya gunia. Alitafuna. Taya zake zilikwenda mbele ya macho yao yote, polepole, na koo lilikataa, kisha likakubali.

Zuhura alimtazama mpaka akameza. Ndipo akamega jingine, akageukia wanawake.

"Nani mwingine?" aliuliza.